Bunduki ya Royce Inatupa Kushoto

Wewe uliangalia pembeni. Usikatae, nilikuwepo. Sherifu alipotamka "ajali ya msimu wa kuwinda" ulishusha pumzi, ukajipakulia viazi vya jibini kwenye ukumbi wa kanisa baada ya mazishi, ukampa mjane pole huku macho yako yakiwa kwenye viatu vyako. Hukuuliza kwa nini hakuna aliyefyatua hata risasi moja kuipima ile bunduki. Bonde zima halikuuliza. Bonde hili ni hodari wa kusahau. Mimi si hodari.

Basi mjane alikwenda kuipima mwenyewe. Arlene Tveit alilala kifudifudi kwenye malisho ya Orrin Skaar, fundi bunduki, upepo wa Montana ukimpiga mbavuni, shavu lake likiwa limebana kitako cha bunduki iliyomuua mumewe, Dell.

Royce Hadley, mwenye bunduki na aliyeifyatua siku ile, ndiye aliyeileta kwa Orrin, kwa mikono yake. Aliiweka mezani akasema darubini yake ya kulengea imekorofisha, itengenezwe. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, Orrin alimpigia Arlene simu.

"Kama inapiga sawa," Arlene alisema, "basi alimlenga Dell, nami sitalala mpaka jaji amsikie. Kama imepinda, ilikuwa ajali. Nitafunga mdomo, nitauza shamba, niondoke."

"Lenga kwanza. Shamba utauza baadaye."

Mbali kule, umbali uleule wa siku aliyouawa Dell, Orrin alikuwa amesimamisha ubao mpana. Katikati yake alipigilia kizibao cha rangi ya chungwa, kama kile ambacho sheria inamtaka kila mwindaji avae. Arlene alizungusha gurudumu dogo lililo juu ya darubini, akalipandisha kwa ajili ya umbali, akavuta pumzi, akafyatua.

Orrin alichungulia kwa darubini yake ya miguu mitatu. "Umekosa. Kushoto. Karibu mkono mzima."

"Mimi sikosi."

"Ndivyo alivyosema marehemu mke wangu kila alipoivua keki kwenye jiko."

Alipiga tena. Kushoto, palepale. Orrin akalala chini akiguna kwa ajili ya bega lake bovu, akapiga yeye. Kushoto. Akahamisha mfuko wa mchanga, akaweka pimamaji kuona kama darubini imeinama. Haikuinama. Wakaleta karatasi karibu, pale ambapo wanaume wa hapa hujaribia bunduki kabla ya msimu, wakashusha gurudumu. Risasi ikaingia katikati kama msumari. Wakapandisha gurudumu tena, wakaurudia ubao wa mbali. Kushoto, karibu mkono mzima.

"Jamani, itulie basi," Arlene alisema, kana kwamba bunduki ni ndama asiyetaka kunyonya.

Orrin alivaa miwani, akapitisha ukucha pembeni mwa pete mbili zinazoishika darubini. Akatikisa kichwa.

"Amekaza kwa misuli, kama anafunga tairi la trekta. Tazama, bomba limebonyea. Kwa karibu inakudanganya kuwa ni nzima. Ukipandisha gurudumu, vyuma vya ndani vinakwama, vinateleza upande."

"Naye hakujua?"

"Angejuaje? Alipima karibu, akaridhika. Nusu ya bonde hili hufanya hivyohivyo, kisha wanakuja kwangu wanalaumu risasi."

Arlene alikaa kwenye tope lenye theluji, hakujali.

"Alisema kwenye baa, mbele ya watu, kwamba aliyekata mnyororo wa lango lake atajuta," alisema. "Lango lenyewe kaliweka kwenye barabara ya msitu wa umma, Orrin. Baba yangu alipita pale na farasi kabla huyu hajajua Montana iko wapi. Halafu eti Dell ndiye adui. Dell! Mtu aliyeona haya hata kuimba kanisani. Mnyororo nilikata mimi. Na kwenye kikao cha wilaya nilimwambia usoni kwamba nitaukata tena."

"Najua. Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa wangu, na hujaurudisha."

Arlene alicheka kidogo.

"Hakumlenga Dell," Orrin alisema taratibu. "Pole, mama. Nilitaka iwe vingine, lakini chuma hakina upande. Alilenga dume la elki, kama alivyosema, na risasi ikaenda kwa Dell yenyewe."

"Hapakuwa na elki. Nilikuwa karibu na Dell kiasi cha kusikia hewa ikimtoka kifuani. Mnyama mkubwa kama ng'ombe, nisimwone?"

"Labda alikuwa nyuma ya miti." Na Orrin naye akatazama pembeni, akaanza kuokota maganda ya risasi.

Arlene aliinuka, akatembea malisho yote kwenda kuung'oa ubao. Alipofika alisimama mbele ya palipotobolewa na risasi, akageuza kifua kuelekea kule walikokuwa wakifyatulia, kama Dell alivyokuwa amegeuka. Upepo ulimsukuma. Akanyoosha mkono wa kushoto kujishikilia, na kiganja kikatua katikati ya kizibao cha chungwa.

Hakukiondoa. Hapo palipolengwa, siku ile, ndipo aliposimama yeye mwenyewe, amemshika Dell mkono wa koti.

Asubuhi ya leo Royce amempigia Orrin simu kuuliza kama bunduki yake sasa inapiga pale anapolenga. Toka kitini. Nenda kwa Arlene, sasa hivi.