Dimbwi la Nyati Karto

Zamani za jembe la mti, katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Java, Bata Sarinem alishikwa na joto, akawapeleka vifaranga wake kwenye dimbwi la Nyati Karto.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba tujipoze kidogo."

"Dimbwi hili ni urithi wangu," akanguruma Karto. "Kila kilichomo ni changu, hata povu!"

Sarinem akameza uchungu, akawakalisha wanawe kwenye tuta. Punde Nyati akaanza kurukaruka na kulia. Ruba walikuwa wamemng'ang'ania tumboni, mahali ambapo pembe zake hazifiki.

"Mama Bata, nisaidie!"

"Ningependa, mzee, lakini ruba hao nao ni urithi wako. Nitawagusaje?"

"Nakupa wote! Ingieni!"

Vifaranga wakatumbukia kwa vifijo, wakala ruba mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Karto akalala majini akikoroma kwa raha, kifaranga mmoja juu ya kila pembe. Tangu hapo, kila kundi la bata lililopita aliliita, "Karibuni, nafasi ipo!"

"Mzee, tumejaa!" Sarinem akamwambia akicheka.

"Basi jibaneni."