Radhi ya Hadharani

Mkuu wa kituo cha polisi alikuja mwenyewe kwenye kibanda cha Shekiondo, kinyozi wa sokoni, akiongozana na Koplo Malugu. Juma lililopita koplo huyo alimkunja kinyozi ukosi, akampiga kofi na kumwita mwizi mbele ya watu. Mwizi halisi alikuwa mwingine. Shekiondo aliachiwa, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekalia kiti chake.

"Mzee wangu, twende ofisini tuyamalize," mkuu alisema.

"Mlinichafua hapa, afande. Nisafisheni hapa hapa."

"Hapo sasa!" muuza nyanya alidakia. Watu wakasogea.

Koplo alimtazama mkuu wake, naye mkuu akarudi nyuma hatua moja. Basi koplo akavua kofia. "Huyu si mwizi. Nilimpiga bila kosa. Nisamehe, baba."

"Huku nyuma hatusikii! Siku ile ulinguruma!" mtu mmoja alipaza sauti katika umati.

Koplo akarudia kwa sauti, jasho likimtiririka.

"Shauri la lile kofi litasikilizwa," mkuu aliongeza. "Mlioona, njooni mseme. Hakuna atakayewagusa."

Shekiondo alikung'uta kitambaa, akaonyesha kiti. "Keti, mwanangu."

Koplo aliketi, akainua kidevu. Kinyozi akampaka povu, akafungua wembe mpya. Akamshika kidevu, akaanza kunyoa. Nyuma yake alisikia kishindo kidogo: fundi viatu wa jirani alikuwa ameweka kigoda chake chini, akakaa kusubiri zamu yake ya kunyolewa, huku wembe ukigusa shingo ya koplo taratibu.