Keki Laini za Kituoni

Basi liliposimama, mwanafunzi alishuka mbio hadi kwa mama muuza keki, kama alivyozoea kila likizo.

"Zile laini, sio?"

"Hizo hizo, mama. Bibi hana meno, na nikifika mikono mitupu atanuna wiki nzima."

Mama akacheka, akamfungia nne. Siagi ilikwisha kupenya karatasi, na joto lake likamfika kiganjani.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba leo si likizo. Shangazi zake walikuwa wakimngoja yeye tu, wapate kumzika bibi.

Dereva akapiga honi. Mama akachomeka keki ya tano. "Hii ya bibi. Mwambie imetoka kwangu."

Mwanafunzi akaikunja karatasi taratibu, isimwage chenga.

"Ahsante, mama. Nitamfikishia."