Zamu ya Pampu

Mashine ilikuwa imekufa, na taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

Fundi aliitazama kama jamaa aliyemdanganya mchana kweupe. Puto la mpira walilolifunga kwenye bomba, badala ya mapafu ya mtu, lilikuwa limesinyaa. Hewa haisukumwi, kengele kimya, na skrini inasema mambo shwari kabisa.

"Imerudia," alisema.

"Afadhali imerudia hapa mezani," alijibu Shangazi, mwenzake wa karakana, mama wa makamo ambaye kila mtu pale alijifanya mpwa wake ili aonewe huruma. "Ingerudia hospitali, tungekuwa na msiba mwingine."

Msiba wa kwanza ndio uliowafungia pale. Mashine yao moja ya kupumulia iliganda wodini namna hiyohiyo, mgonjwa akakata roho huku taa ikiwaka, na hospitali ikazirudisha zote. Wodi ikabaki na moja kuukuu ya kampuni nyingine, wagonjwa wakawa wanaitumia kwa kupokezana. Mmoja wao alikuwa mama yake Fundi. Kwa hiyo huyu bwana hakuwa anatengeneza mashine tu, alikuwa anamtafutia mama yake pumzi. Alilala karakanani, na alikula akikumbuka.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mama. "Niko salama mwanangu. Fanya kazi."

Moyo ukamtulia. Zamani mama angeuliza amekula nini, ameoga lini, na yeye na yule binti wa benki waliishia wapi. Siku hizi ni maneno hayohayo, asubuhi, mchana na jioni. Fundi alijisemea kwamba angalau ugonjwa umempunguzia mama udaku, kisha akaona haya kwa kuwaza hivyo.

Akampigia dada yake, aliyekuwa akimuuguza.

"Dada, mpe simu nimsikie hata sauti."

"Kuongea kunamkata pumzi, umesahau?" Sauti ya dada ilikuwa imekwaruza, mafua ya wodini yalikuwa yamembana tangu juzi. "Mwenyewe alisema usisumbuliwe mpaka umalize. Maliza, mdogo wangu."

Akakata.

Fundi akarudi kwenye kompyuta. Ndani ya mashine ile kuna kazi ndogondogo zinazopokezana bila kupumzika. Moja inaendesha pampu, nyingine inapima kifua kinavyopanda na kushuka, nyingine inachora skrini. Kila moja ina zamu yake, fupi kuliko kupepesa jicho, na ikikosa zamu, mgonjwa ndiye anayeumia. Aliona upesi kilichotokea: kazi ya skrini iling'ang'ania zamu isiyo yake, pampu ikaachwa kwenye foleni. Hilo lilirekebishika. Alichoshindwa kuelewa ni mlinzi.

Maana mashine za namna hii zina mlinzi, kijisehemu kinachongoja kuitikiwa kila baada ya muda mfupi. Kisipoitikiwa kinapiga kengele, kinaizima mashine na kuiwasha upya. Pampu ilikuwa imesimama, na bado mlinzi alikuwa ametulia tuli.

Shangazi akavuta kiti. "Twende taratibu. Mlinzi anauliza, 'Upo?' Si anajibiwa?"

"Anajibiwa kila mara. Hakuna hata mara moja iliyochelewa."

"Nani anayejibu?"

Fundi akapekua mistari ya programu, akarudi juu, akashuka tena.

"Saa," alisema. "Mtu aliweka jibu kwenye kazi ya saa, ile inayohesabu muda tu. Na saa haipangi foleni na mtu."

"Kwa hiyo pampu ife, skrini ife, saa itajibu tu, 'Nipo.'"

"Itajibu mpaka umeme ukatike." Alitamani kuivunja meza. "Mtu mwenye akili zake anaandikaje kitu kama hiki?"

"Huenda mashine ilikuwa inajizima ovyo, akataka isikatishwe kazi. Hakuwa na nia mbaya, mwanangu. Watu wengi wangefanya vilevile."

Fundi hakutaka kusikia habari za nia. Aliling'oa lile jibu kwenye saa. Akaamuru kila kazi ijisemee yenyewe kwamba imefanyika, na mlinzi asijibiwe mpaka zote ziwe zimejisemea. Pampu akaiweka mbele ya skrini, iwe na zamu isiyoguswa. Kisha akaisimamisha pampu makusudi. Mlinzi akauliza, akakosa jibu, kengele ikapiga mayowe, mashine ikazima na kuwaka. Puto likajaa hewa.

Wakajaribu tena na tena, na kila mara mlinzi hakudanganyika. Shangazi akajitupa kitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi alikuwa amechoka hata kucheka. Aliipakia mashine kwenye gari la karakana na safari ikaanza mbiombio, huku akiwalaani madereva wote waliokuwa mbele yake.

Wodini, muuguzi alipoona kilichobebwa aliwaita wenzake waje kusaidia. Fundi akawaachia, akapitiliza hadi kitanda cha mama, kile cha dirishani. Kilikuwa na msichana asiyemjua. Wamemhamisha mama, aliwaza, bila shaka kapata nafuu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijikuta anatabasamu.

Akatoa simu, akamwandikia: "Mama, nimemaliza. Uko wapi?"

Simu ikalia kwenye ukumbi wa nje. Fundi akachungulia mlangoni. Dada yake alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, amempa ubavu, na furushi la nguo za mama limefungwa miguuni pake. Aliisoma simu ya mama iliyokuwa mapajani, akafuta macho kwa kiganja, kisha akaanza kuandika.