Upande wa Pili wa Meza

Ulimwona, usikatae. Ulipita mbele ya kibanda cha yule mama seremala, ukamkuta amelalia mbao tano za meza, gundi imeshapakwa, mbao zinamteleza, ukajifanya una haraka.

Miaka tisa mimi na yeye tulimfanyia kazi tajiri mmoja. Meza alizochonga mama huyu zilitoka na muhuri wa tajiri, na sisi wenzake tukanyamaza. Sijasahau. Ndiyo maana alipofungua kibanda chake aliapa kwamba hakuna mkono mwingine utakaogusa kazi yake.

Sasa gundi ilikuwa inaanza kukauka, na mbao zikigandana zikiwa zimekaa upande zingefaa kuni tu. Jirani yake, mshona makochi, akasimama mlangoni.

"Shoga, nikushikie, au nije kesho niote moto?"

"Ukishika utasema tumeitengeneza wote."

"Nitasema nilishika. Meza yako naitakia nini mimi, mtu wa sponji?"

Seremala alizitazama mbao. Wa pembeni ulikuwa unateleza tena.

"Haya, shika huko. Ila usinipangie."

"Nani akupangie wewe? Mumeo mwenyewe kashindwa."

Wakacheka huku wanabana. Gundi ikachomoza kwenye maungio, mstari mweupe ulionyooka kama uzi. Seremala akaufuta kwa kidole gumba, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na uso wake ukatulia.

Wewe uliyepita, uliyejiajiri ukajifungia kibandani mwako, inuka. Kagonge kwa jirani sasa hivi, umuulize ashikiwe wapi.