Koa Aliyemwachia Kaa Mwili

Koa wa bahari ni konokono asiye na gamba, hana mwiba, hana mbio. Koa huyu alikuwa na shamba la mwani, na jirani yake Kaa alilitaka lote. Siku moja Kaa akambana kwa gando.

“Bibi Koa, nipe shamba, ama hutoki hapa.”

“Shamba sikupi,” akajibu Koa. “Mwili chukua.”

Akajikata shingoni. Kichwa kikajikokota polepole mpaka kwenye mwani, kikaanza kula.

Kaa akacheka. “Atarudi kunipigia magoti. Nani ameishi bila tumbo?”

Akakaza gando, akangoja. Hakwenda hata kutafuta chakula, mwili usije ukamponyoka. Maji yakajaa, yakapwa. Mwili ukaoza, samaki wakapita wameziba pua, naye kakaza vilevile.

Bamvua mbili, zile siku za maji makubwa, zikapita. Kaa alikuwa amekonda alipomwona Koa anakuja na mwili mpya uliomwota kwa kula mwani, mnene, wa kijani kibichi.

“Bado uko hapa, jirani?” akauliza Koa. “Mimi niliondoka siku ileile. Wewe amekushika nani?”