Sifuri ya Mgumu

Fundi viatu hakuwa na kikokotoo, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na miwani yake mwenyewe. Alivaa ya marehemu mkewe, na ndani yake namba zilielea kama vumbi kwenye mwanga.

Swali daftarini: volti kumi na mbili, njia mbili sambamba. Njia yenye ukinzani wa omu tatu aliiandikia ampea nne. Ya omu sita, sifuri.

Mwalimu wa darasa la jioni akainama. "Mzee wangu, huyu mgumu umemnyima kabisa?"

"Si umeme hufuata njia nyepesi, mwanangu?"

"Hufuata zote. Mgumu hupata kidogo, lakini hupata. Hebu gawa kumi na mbili kwa sita."

Akagawa. Mbili. Jumla, ampea sita.

Mezani taa mbili za majaribio ziliwaka, moja kali, moja hafifu kama usingizi. Akaikodolea macho ile hafifu.

Kila mwezi mzee alimwandikia barua binti yake mpole. Yule binti mkaidi, aliyeondoka akibamiza mlango, mzee hakuwahi kumpelekea hata salamu.

Akafungua ukurasa mpya: "Mkaidi mwenzangu, hujambo?"

Asubuhi aliiziba bahasha kwa gundi ya viatu, akaidondosha ndani ya sanduku la posta.